Inaniambia Safi

Harufu ndiyo iliyotangulia. Bibi alikuwa amekaa mlangoni anakata kucha za miguu, akainua pua, akanusa, akanusa tena.

"Nini kinaungua humo ndani?"

Akajikokota mpaka chumba cha kazi, wembe bado uko mkononi. Mkwe wake, Mama Chiriku, alikuwa amesimama mbele ya meza ya kunyooshea nguo. Mkono wa kulia umeikandamiza pasi juu ya mgongo wa koti jeusi, mguu wa kulia umekanyaga sakafu kama mtu aliyembana mende na hataki atoroke. Midomo inachezacheza. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka chini ya pasi na kumpanda mpaka kidevuni, naye anautazama kama moshi wa nyumba ya jirani.

"Wee! Unachoma nguo ya watu!"

Ndipo akashtuka na kuinua pasi. Alama ikabaki pale pale katikati ya mgongo, ncha juu, tako chini, rangi ya kahawia inang'aa. Kama koti limepigwa muhuri.

"La nani hilo?" Bibi akauliza.

"La karani."

"Karani yupi?"

"Wa mahakama."

"Analifuata lini?"

"Leo. Kesho asubuhi anapandishwa cheo, anataka alivae."

Bibi akakaa juu ya furushi la nguo chafu, taratibu, kama mtu aliyeletewa habari za msiba. "Haya. Hongera sana. Umetumaliza." Akaunyoosha wembe kuelekea miguu ya mkwe wake. "Na huo mguu ulikuwa unakanyaga nini? Nimekuona. Mguu unapiga, mdomo unasema. Unaongea na nani humu?"

"Siongei na mtu, mama."

"Basi umerukwa na akili. Chagua moja."

Mama Chiriku hakuchagua. Alichukua kitambaa kibichi akaanza kusugua ile alama, ingawa alijua vizuri kuliko mtu yeyote katika mtaa ule kwamba sufu ikishaungua hairudi. Alisugua tu ili mikono ipate cha kufanya.

Ukweli ni kwamba alikuwa kwenye mshale mrefu. Kwenye mashine ya muziki ya Kipara, mwenye banda la michezo mtaani, mishale inapanda kwenye kioo, mmoja mmoja, na wewe umesimama juu ya jukwaa la chuma lenye mishale minne miguuni. Mshale ukifika juu, unakanyaga wa kwako. Ukipatia mdundo, mashine inakusifu. Lakini kuna mishale mingine ina mkia. Hiyo hukanyagi na kuachia. Unakanyaga, unashikilia, unashikilia, mpaka mkia wote upite. Mama Chiriku alikuwa ananyoosha koti na wimbo unapita kichwani. Wimbo ukafika kwenye mshale mrefu, mguu ukakanyaga, na mkono nao ukafuata mguu. Akashikilia vizuri kabisa, mpaka mwisho wa mkia. Angekuwa kwa Kipara angepata sifa zote.

Karani alikuja jua bado linachoma. Alikuwa mtu mfupi wa kutembea kwa kujivuta nyuma, kama suruali zake zote zinambana. Mama Chiriku akamletea koti limekunjwa, alama imefichwa ndani. Sijui alitegemea nini. Labda alitegemea atalichukua na kwenda zake. Karani akalikunjua pale pale uani.

"Hii ni nini?"

"Pasi, bosi."

"Naona kwamba ni pasi. Nauliza inafanya nini mgongoni kwangu."

Majirani walianza kutoka. Hakuna aliyetoka kuja kusikiliza, kila mtu alitoka na kazi yake. Mmoja akaja kuanua nguo ambazo bado zinadondosha maji. Mwingine akakung'uta zulia alilokwisha kulikung'uta asubuhi.

"Nisamehe, bosi, nilipitiwa."

"Ulipitiwa? Kesho nasimama mbele ya mahakimu. Mbele yao hamna shida, shati jeupe, tai, safi. Nikigeuka nikakae, waone nini? Waone mtu amewekewa pasi mgongoni akatulia tu?"

Mwenye zulia akacheka, kisha akajifanya anakohoa vumbi.

Hapo ndipo fundi alipoingia uani. Mume wa Mama Chiriku alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Miwani ya kazi ilikuwa bado iko kwenye paji la uso, na shingo imejaa vidoti vyeusi vya cheche.

"Kuna nini kwangu?"

"Kwako kuna mke anayechoma makoti," karani akasema. "Wengine wanachoma mahindi."

Safari hii uani walicheka bila kukohoa. Fundi alilichukua koti, akaliangalia, akamwangalia mkewe, akaliangalia tena koti. Sura yake haikuonyesha kitu.

"Nitakulipa."

"Kesho nitavaa malipo? Mimi nataka koti."

Fundi akaingia ndani. Alitoka na koti lake mwenyewe, moja analo, alilofungia ndoa, bado liko kwenye mfuko wake wa nailoni. Karani akalivaa mbele ya watu wote. Lilinuka dawa ya mende na mikono ilimfika kwenye vidole. Akajigeuza kulia, akajigeuza kushoto, fundi mrefu kichwa kizima kuliko yeye amesimama kando anasubiri kama fundi cherehani anayengoja mteja akubali.

"Nikichekwa huko," karani akasema, "nitarudi nanyi mchekwe hapa hapa."

Akaondoka nalo. Mke na mume wakabaki na lile la pasi.

Ndani fundi hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga. Alinawa mikono, akakaa, akamwita mkewe asimame mbele yake. Bibi alikuwa kwenye kochi. Wifi, dada yake fundi, aliyekuja kukaa siku chache tangu mvua za mwaka jana, alikuwa ameegemea friji. Na Chiriku, binti yao wa sekondari, alikuwa kwenye kona na daftari mapajani. Jina hilo alipewa alipokuwa mdogo anapayuka kutwa nzima. Sasa alikuwa hasemi, lakini jina halikubadilishwa.

"Ilikuwaje?"

"Nilipitiwa, Baba Chiriku."

"Umenyoosha nguo za watu tangu sijakuoa. Hujawahi kupitiwa. Leo umepitiwa na nini?"

"Muulize mguu ulikuwa unakanyaga nini," Bibi akadakia.

"Kaka," Wifi akasema, "mimi unanijua, sipendi kuingilia ndoa za watu." Akatoa simu. "Lakini kama ndugu yako siwezi kukaa na kitu rohoni."

Akambonyezea video. Kwenye video Mama Chiriku alikuwa juu ya jukwaa la chuma, sketi ameichomeka kiunoni mpaka magoti yako nje, taa za buluu na za pinki zinampita usoni. Nyuma yake watoto wa shule wanapiga makofi. Sauti ya mwanamke, nyororo, ya mashine, ilikuwa inasema: "Safi! Safi! Safi sana!" Na Mama Chiriku anacheka. Fundi akaitazama ile video. Hakutazama magoti. Alitazama mdomo, akijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho aliyaona meno ya mke wake yote kwa pamoja, na hakukumbuka, na hilo ndilo lililomkasirisha kuliko koti.

"Hapa ni wapi?"

"Kwa Kipara," Wifi akajibu haraka. "Pale kwenye gemu. Kila jioni anasema anapeleka nguo za wateja. Mteja ni huyo mmoja."

"Nimekuuliza wewe?"

"Haya, nimenyamaza."

"Hela unatoa wapi?" fundi akamgeukia mkewe.

"Sitoi hela. Namnyooshea mashati yake, ananipa tokeni za kuchezea."

"Ahaa," Wifi akasema, hakuweza kunyamaza zaidi ya hapo. "Mashati. Na anaishia kukupa tokeni tu, wifi yangu?"

"Shangazi!" Chiriku akasema kwenye kona.

"Wewe soma. Wakubwa tunaongea."

Fundi akainua mkono watu wote wanyamaze. "Sina shida na Kipara. Kipara ananuka soksi, namjua. Nataka kujua jambo moja tu. Wewe mtu mzima, mke wa mtu, una binti wa kukaribia kuolewa, unaenda kurukaruka na watoto wa shule. Kuna nini kule? Unapata nini?"

Mama Chiriku aliangalia mikono yake. Alitaka kueleza siku ya kwanza. Alikuwa amepeleka mashati, Kipara akamwambia, panda mama, mara ya kwanza ni bure. Akasema mimi sijui. Kipara akasema, hapa hakuna asiyejua. Akapanda na mguu mmoja, mwingine akauacha sakafuni, tayari kukimbia. Mshale ukaja polepole, mkubwa, kama ng'ombe anayevuka barabara, hata kipofu angeuona. Akakanyaga. Sauti ikasema, "Safi!" Naye akageuka nyuma aone nani ameambiwa. Nyuma hakukuwa na mtu. Wimbo ulipoisha ukafunguka mwingine, wenye mishale mingi kidogo kuliko ule, na ule ulipoisha ukafunguka mwingine, na kila ukifunguka anaona kama amefunguliwa mlango kwenye nyumba ambayo hakujua kwamba ana ufunguo wake.

Hayo yote alitaka kuyasema. Yakatoka hivi:

"Inaniambia safi."

"Nani?"

"Mashine."

Halafu Bibi akaanza kucheka, kwanza puani, halafu mabega, halafu mwili mzima, akijipiga mapaja. "Yarabi! Mashine inamwambia safi! Si ungesema mwanangu? Tungekununulia kasuku!"

Wifi akacheka mpaka friji ikatikisika. Fundi hakucheka. Alisubiri wamalize.

"Kesho jioni twende wote," akasema. "Mama, na wewe, na huyu dada yangu mwenye simu. Utanionyesha. Nikikuta ni kitu cha maana, cha akili, yaishe, sitalitaja tena hili koti. Nikikuta ni upuuzi, unafunga mzigo wako, unaenda kwa dada yako, ukae huko mpaka kichwa kikae sawa. Mtoto anabaki hapa."

"Na kisipokaa sawa?" Bibi akauliza.

"Basi harudi."

Mama Chiriku akainua uso. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mwingine asingelifanya. Mwingine angelia, angeomba msamaha, angeapa hatakanyaga tena pale. Yeye alisema, "Sawa. Twendeni." Alisema kwa sababu aliamini kweli kwamba anajua kucheza.

Asubuhi Chiriku alimkuta mama yake anakunja mashuka, akashika ncha mbili za shuka kumsaidia. Walipokutana katikati, shuka liko baina yao, binti akasema kwa sauti ya chini:

"Mama, leo usicheze zile za mwanzo."

"Kwa nini? Ndizo ninazojua."

"Basi usiende kabisa."

"Nisipoenda si nitakuwa nimekubali kwamba ni upuuzi?"

"Mama, zile za mwanzo ni…"

"Ni nini?"

Chiriku aliona uso wa mama yake, ulivyokuwa umesubiri vizuri, akashindwa. Naye aliwahi kucheza pale baada ya shule. Alijua. "Hamna kitu," akasema. "Cheza vizuri tu."

Pale kwa Kipara zamani palikuwa duka la vifaa vya ujenzi, bado sakafu ina madoa ya rangi. Kulikuwa na meza za mpira wa kuzungusha vijiti, na televisheni kuukuu za kuchezea magari, lakini watu walikuwa wamejazana kwenye mashine moja tu, ile ya muziki, imesimama mwishoni kama kabati la mtu mwenye uwezo, inawakawaka. Palinuka plastiki ya moto na miguu ya watoto. Wote walioshikilia tokeni kwenye foleni walikuwa wageni wa mchezo. Wajuzi Kipara alikuwa nao wachache tu, na wajuzi walikaa kwenye benchi na kubeza.

Kipara alipoona ukoo mzima unaingia, alifunga kifungo cha juu cha shati. Fundi aliliona lile shati. Mikunjo ya mikononi ilikuwa imenyooka kama reli, na aliujua mkono ulioinyoosha.

"Karibu, fundi. Karibuni, wazee. Mama Chiriku, leo umeleta mashabiki?"

"Mwekee acheze," fundi akasema. "Anachochezaga siku zote."

Watoto wakapisha. Mama Chiriku akavua viatu, akachomeka sketi kiunoni, akaichomoa kidogo, akamtazama Bibi, akaichomeka tena. Akapanda. Tokeni ikaingia. Kioo kikamuuliza anataka kiwango gani, naye akakanyaga bila kufikiri, kama mtu anayefungua mlango wa kwake.

Wimbo ukaanza. Na kusema kweli alipendeza. Hakuwa mchezaji, mabega yake yalikuwa mazito na alikuwa anatoa ulimi kidogo pembeni mwa mdomo, lakini miguu ilikwenda pale inapotakiwa, kushoto, kulia, mbele, nyuma, kushoto na kulia pamoja. Alipokosa mshale, mashine haikusema kitu, ilikaa kimya kama mtu mstaarabu. Alipopata ilisema. "Safi! Safi! Safi sana!" Watoto wakaanza kumpigia makofi. Mmoja akapiga kelele, "Mama pasi, chooma!" Hata Wifi kidole kilikuwa kinagonga kwenye simu bila yeye kujua. Wimbo ukaisha, nyota zikamwagika kwenye kioo, na sauti ikasema kwa nguvu: "Umetisha! Wewe ni moto!"

Akageuka. Anahema, jasho linamtiririka, uso umefunguka wote. Alimtafuta mumewe.

Fundi alikuwa hamwangalii. Alikuwa ameinama kwenye kioo, anasoma neno dogo lililoandikwa kwenye kona, kama anavyokagua mshono wa geti lililochomelewa na fundi mwingine.

"Kipara. Hapa pameandikwa 'Wanaoanza'. Maana yake nini?"

"Ni kiwango tu, fundi. Kuna viwango."

"Kwenye hiki, mtu akikosea inakuwaje?"

Kipara akakuna kichwa. "Inaendelea."

"Akikosea sana?"

"Inaendelea. Fundi, hii ni biashara. Ukimtoa mtu siku ya kwanza, umemuuzia tokeni moja, hutamuona tena. Vile viwango vya juu ukikosa mara chache unatolewa nje. Hiki cha wanaoanza hakimtoi mtu. Ndio maana wanarudi."

"Kwa hiyo haifelishi."

"Haifelishi."

"Niletee tokeni."

"Baba," Chiriku akasema.

Fundi alimshika mkewe kiwiko, bila nguvu, akamshusha kwenye jukwaa. Akaweka tokeni. Akachagua kile kile kiwango, ule ule wimbo. Kisha akarudi nyuma, akakunja mikono kifuani.

Wimbo ukaanza kwenye jukwaa tupu. Mishale ikapanda, ikafika juu, ikapotea. Hakuna aliyekanyaga. Kushoto, kulia, mbele, nyuma, inapita tu. Watoto walicheka mwanzoni, halafu wakanyamaza, kwa sababu wimbo ulikuwa mrefu, na kuutazama hivyo mpaka mwisho kulikuwa kama kumtazama mtu akivuliwa nguo. Katikati sauti ikasema, "Usikate tamaa, unaweza!" Mama Chiriku alikuwa amesimama pekupeku kwenye sakafu ya baridi.

Wimbo ukaisha. Nyota moja ikatokea, ikazunguka, ikawaka. Makofi ya mashine yakapigwa. "Hongera! Umemaliza wimbo! Wewe ni nyota!"

"Umeona?" fundi akasema. "Imempongeza nani? Hewa. Imeiambia hewa kwamba ni nyota."

Bibi alicheka mpaka akashikilia meza ya mpira. "Nyota! Hewa nayo nyota! Mwanangu wewe una akili, wallahi, umemaliza kesi!" Wale wajuzi kwenye benchi walikuwa wanapigana viganja. Wifi alikuwa anarekodi.

"Hilo ndilo uliloniunguzia koti la mtu," fundi akaendelea. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ulikuwa mbaya. "Hilo ndilo lililonivua koti la harusi yangu nikampa mtu mfupi mbele ya majirani. Kitu kinachosifia kila mtu. Kinachosifia hata asiyekuwepo. Sema basi. Ni kitu cha maana?"

Mama Chiriku alitazama kioo. Kilikuwa kimeanza tena kuita watu, kinawaka maandishi ya karibu, karibu, hakuna asiyejua.

"Kumbe haijui mtu," akasema.

"Haijui mtu. Ndio hivyo."

"Hainijui. Haijui nimeamka saa ngapi. Haijui mimi ni nani." Alikuwa anaongea polepole, kama anapanga nguo. "Na bado imeniambia. Ninyi mnanijua."

Bibi akaacha kucheka. Si kwamba aliguswa, alikuwa hajasikia vizuri. "Anasema nini huyo?"

"Anasema tunamjua," Wifi akamwambia.

"Sasa?"

Fundi alitaka kujibu. Kipara akawahi, kwa sababu Kipara hapendi ugomvi ukae bila muziki. "Fundi, tokeni mbili ni nyimbo tatu. Umebakiwa na mmoja. Usiuache upotee."

"Achana nao."

"Panda, mzee!" mtoto mmoja akapiga kelele. Wakadakia wengine. "Panda! Panda! Au unaogopa?"

"Nimwogope nani, hili kabati?" Akapanda na mabuti yake ya kazi, ili awaonyeshe jinsi lilivyo upuuzi. Kipara akafumba macho kwa ajili ya jukwaa lake.

Mshale wa kwanza ukampita. Wa pili akaukanyaga umeshapita, watu wakacheka. Wa tatu akauvizia kama anavyovizia cheche ishike chuma, akakanyaga.

"Safi!"

Fundi akageuza kichwa nyuma, haraka, aone nani amesema nini.

Mama Chiriku aliiona ile shingo ikigeuka. Aliijua. Alikuwa ameigeuza ya kwake hivyo hivyo, mahali hapo hapo. Akaketi kwenye ukingo wa benchi, akavuta kiatu kimoja.

"Safi! Safi!"

"Mwanangu, shuka, tumeshaelewa," Bibi akasema.

"Subiri kidogo, mama."

Mabuti yalikuwa yanagonga chuma kama karakana. Fundi alikuwa ameinama, macho hayapepesi, mikono imetanuka pembeni kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja. Hakuna aliyekumbuka tena koti. Watoto walikuwa wanamhesabia mdundo. Na kila sauti iliposema safi, kitu fulani kilikuwa kinalegea kwenye taya lake, kidogo kidogo, taya ambalo mchana kutwa wateja wa mageti wanalitukana, kwamba geti limepinda, kwamba geti limechelewa, kwamba fundi gani wewe. Wimbo ulipoisha nyota zikamwagika. Zilikuwa mbili.

"Umetisha! Wewe ni moto!"

Akageuka, anahema, jasho limechora mistari kwenye masizi ya uso. Aliwapita watoto kwa macho, akampita mama yake, akampita dada yake mwenye simu. Akamtafuta mkewe.

"Umeona?" akamuuliza.

Neno lenyewe lilikuwa dogo. Angeweza kulisema. Alikuwa nalo mdomoni, lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Sijaona," Mama Chiriku akasema. "Nilikuwa navaa viatu."

Akasimama. Fundi akashuka, jukwaa likalia, akamfuata mpaka mlangoni, anajifuta uso kwa mkono. "Mama Chiriku. Basi. Basi, yaishe. Hatuwezi kugombana kwa ajili ya kabati. Twende nyumbani ukapumzike."

"Ulisema nikishindwa nifunge mzigo."

"Nilisema kwa hasira."

"Ulisema umekaa, umenawa mikono." Aliipangusa sketi yake, akaishusha vizuri chini ya magoti. "Nimeshindwa mbele ya watu wote. Mama ameona, wifi amerekodi. Sasa unanirudisha kwa kipi?"

Nyuma ya fundi mtoto alikuwa ameshapanda jukwaani na mashine inamsifu.

Mzigo haukuwa mkubwa. Nguo zake, taulo, mfuko wa vitana. Chiriku hakuulizwa kama anabaki au anakwenda, alikuwa ameshasimama mlangoni na begi la shule mgongoni, amevaa na soksi. Baba yake akamwona, akataka kusema lile alilosema jana kuhusu mtoto, akaona begi lilivyofungwa mikanda yote miwili, akasogea kando. Bibi alikuwa kwenye kochi anajipepea, anasema peke yake kwamba wanawake wa siku hizi, kwamba yeye alipigwa na hakuondoka, kwamba mtu anaondoka kwa sababu ya kabati.

Wifi ndiye aliyeingia chumba cha kazi. Alisimama akayaangalia yale mafuriko, mashati ya watu yamerundikwa mpaka dirishani, sare za wauguzi, mashuka ya nyumba ya wageni, mapazia, na pasi imekaa katikati ya meza imepoa.

"Wifi," akaita, na kwa mara ya kwanza sauti haikuwa na ncha. "Wifi, na hizi nguo za watu? Zinafuatwa kesho. Nani atanyoosha?"

Mama Chiriku alikuwa anafunga fundo la mwisho. Akalikaza kwa meno, akalipima kwa mkono kama litafika.

"Anza na foronya," akasema. "Foronya hata ukikosea, mtu anailalia tu. Hakuna anayeona."